Kitabu cha Nyama

Baba alipokuja kukaa nami hapa Embu, mtaa wa Dallas, macho yake yalikuwa yamekwisha. Mama alikuwa ameshafariki, na nyumba yetu ya kule juu Meru haikuwa tena na mtu wa kumwonyesha mlango uliko. Hakuleta vitu vingi: sanduku moja, Biblia, na redio ambayo huigombeza kana kwamba ni mwanafunzi mtoro. Wiki ya kwanza hakutaka lolote. Wiki ya pili akaniomba nimsomee Kitabu cha Nyama, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nilikubali kabla sijafikiri. Nilipofikiri nilijuta, kwa sababu kitabu kile kina miisho miwili, na mimi naijua yote. Mmoja uliandikwa na mwenye kitabu. Mwingine aliutunga Baba. Kati ya miisho hiyo miwili amelala mdogo wangu, na kuna jambo juu yake ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Nianze na jina, maana wageni wakilisikia hudhani nazungumzia mapishi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwisho wa mwezi alishuka Meru mjini, na kabla ya kurudi alipitia Majengo kununua nyama kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye, kwa maneno ya Baba, mizani yake haikujua uongo. Siku hizo nyama ilifungwa kwa karatasi yoyote iliyopatikana: magazeti, madaftari ya watoto, hata mitihani ya mwaka uliopita. Jioni moja Mama aliifungua nyama jikoni, Baba akaichukua ile karatasi aitupe, akasimama nayo. Alisimama mpaka Mama akamwuliza kama ameona nzi. Ilikuwa karatasi ya kitabu cha Kiingereza, imeloa damu pande zote. Jumamosi iliyofuata alirudi Majengo bila haja ya nyama.

"Mwalimu, nyama yangu ilikuwa na kasoro?" mzee akamwuliza.

"Nyama haina neno, Mzee. Nimefuata karatasi."

Kitabu kilikuwa kinaning'inia ukutani kwa uzi, kinene kama tofali, kimeanza kuchanwa kutoka nyuma. Mzee alikishusha akampa bure. Alisema kama walimu wameanza kula karatasi, basi nchi iko pabaya. Kurasa kama arobaini za mwisho zilikuwa zimekwenda na nyama za watu wa Meru, na hakuna aliyejua ziko kwenye majivu ya jiko gani.

Hadithi yenyewe ni ndefu, ina wafalme na majitu na lugha zisizosemwa na mtu yeyote duniani, lakini shina lake ni fupi. Kuna nchi ambayo moto wake wote umezimwa. Dada wawili, mkubwa na mdogo, wanatumwa kuvuka milima saba kwenda kuomba kaa moja kwa watu wa upande wa pili, walirudishe nyumbani ndani ya chungu likiwa hai. Moto ule haukubali kubebwa ila na mdogo. Kazi ya mkubwa ni kumlinda.

Wazungu, nimesoma baadaye, waliiona hadithi hiyo kuwa ya ajabu mno. Sisi hatukuona ajabu. Kwetu kuomba moto kwa jirani kulikuwa kazi ya kila wiki. Kiberiti kikilowa au kikiisha, mtoto wa kike alipewa kigae chenye majivu kidogo, akapanda kwa jirani, akatiliwa kaa, akarudi mbio akilikinga na upepo kwa kiganja. Kitu pekee kilichotushangaza ni kwamba mzungu naye amewahi kutumwa moto.

Baba alitusomea msimu wa kahawa. Tulichuma asubuhi, na alasiri tulikaa juu ya magunia mbele ya nyumba kuchambua, nyekundu huku, mbichi huku, zilizoliwa na wadudu kando, kabla ya kuzipeleka kiwandani. Baba alikaa barazani kwenye kigoda, kitabu magotini, akisoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kimeru kwa mdomo. Mama alimtania kwamba katika shamba lote yeye peke yake ndiye anayechuma maneno. Lakini hata Mama alipunguza mikono hadithi ilipopamba moto, na kahawa ya siku hizo iliwahi kurudishwa na kiwanda kwa sababu ya mbichi zilizopita.

Majina ya kitabuni yalikuwa magumu, kwa hiyo Baba aliyaweka kando na kutia yetu. Mto wa kwanza ukawa Kathita. Msitu wa majitu ukawa msitu wa Nyambene. Mlima wa mwisho, ule ambao ukishauvuka unaona moshi wa kwenu, ukawa Kirimaara wenyewe, yaani Mlima Kenya, na ulikuwa pale nyuma yetu asubuhi za wazi, na theluji yake. Mpaka nilipokuwa mtu mzima niliamini kwamba mwandishi wa kitabu kile aliwahi kupita nyumbani kwetu.

Mimi nilipewa jina la mama yake Baba, kwa hiyo Baba huniita Mama hadi leo. Mdogo wangu alipewa jina la bibi mzaa mama, kwa hiyo kwa Baba alikuwa mama mkwe, na kwetu mama mkwe hachezewi. Mtu humpisha njia, hapazi sauti mbele yake, hamnyimi analoomba. Baba aliifanya desturi hiyo kuwa mchezo wao. Mtoto wa miaka sita akitokea mlangoni, mwalimu mzima aliinuka kwenye kigoda, akainamisha kichwa. "Mama mkwe, karibu ukae." Naye alikaa, miguu haifiki chini, akaamuru kitabu kifunguliwe.

Alikuwa na moyo mgonjwa. Aliugua homa ya viungo akiwa mdogo sana, na ikamwachia moyo usioweza kazi. Akicheza kidogo midomo iligeuka rangi ya zambarau. Daktari alisema asipande milima. Sisi tulikaa mlimani, na kila kitu kilichohitajika kilikuwa ama juu ama chini.

Mwaka wa kwanza, kurasa zilipotuishia, dada wawili walikuwa wanaanza kuupanda mlima wa mwisho. Mdogo alikuwa hoi. Baba akafunga kitabu. Mdogo wangu akamtazama.

"Anafika?"

Baba alisema ile karatasi iliyofungia nyama ndiyo ilikuwa na habari hizo, lakini damu imeyala maneno, haisomeki. Kisha akasema, "Lakini mimi najua walivyofika." Na hapo akatutungia mwisho. Mdogo anaushuka mlima na chungu mikononi, kaa liko hai. Anapita shamba la kahawa, anapita migomba, anafika mlango wa jikoni. Mama yao yuko ndani, gizani, kuni kavu ziko tayari. Anasikia hatua. Anauliza, "Nani ameleta moto?"

Hapo Baba alinyamaza na kutungoja. Sisi watoto wawili, mikono ikiwa bado kwenye kahawa, tulijibu kwa sauti moja: "Ni mdogo." Ndipo moto ukawashwa, nchi nzima ikapika.

Tulikirudia kitabu kile kila msimu, miaka mitano. Mdogo wangu alijua kurasa nyingine kuliko Baba, na Baba akiruka mstari alimrudisha. Ule mwisho aliutaka kila mara. Baba hakuwahi kumnyima.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa ya Novemba, ya mvua nyepesi isiyokatika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye kumi na mmoja. Baba alikuwa amekifunga kitabu kwa ajili ya unyevu, amekaa barazani. Sisi tulikuwa chini ya paa la ghala tukimalizia kuchambua. Mama akaita kutoka jikoni kwamba kiberiti kimekufa, niende nikaombe moto kwa jirani wa juu.

Sikutaka. Nasema wazi, sikutaka kulowa. Nilikuwa katika umri wa kuona kwamba kila kazi ya nyumba ile imeandikwa jina langu. Nikachukua kigae nikakaa nacho nikinung'unika. Mdogo wangu akasema, "Nipe mimi."

"Huwezi mlima wewe."

"Nitaenda pole pole. Hata yule alikuwa mgonjwa, na alifika."

Nikampa. Nilimtilia majivu mimi mwenyewe. Alipita katikati ya mibuni, na nilirudi kwenye kahawa yangu nikijiambia kwamba si mbali.

Alirudi baada ya muda mrefu. Nilimwona akitokea kwenye migomba, mgongo umeinama juu ya kigae ili mvua isilifikie kaa. Alikuwa anatabasamu, na midomo ilikuwa imekuwa nyeusi. Hakuweza kusema. Nilimkalisha juu ya debe, nikakitwaa kigae mikononi mwake, nikaingia nacho jikoni. Kaa lilikuwa jekundu kabisa.

Mama alilipokea akaanza kupuliza. "Umeenda na mvua hii yote, mwanangu," akasema. "Mungu akubariki."

Kwetu baraka ya mzazi si neno la kuchukuliwa hivi hivi. Nilipaswa kumwambia si mimi. Nilinyamaza. Tulikula mukimo jioni hiyo uliopikwa kwa moto ule, mdogo wangu akala vijiko viwili, akaniangalia. Usiku alianza kupumua kama mtu anayepanda. Asubuhi Baba na jirani walimpeleka hospitali Meru mjini, na wiki ya tatu alifariki.

Kwenye mazishi watu walisema moyo wake ulikuwa umeshachoka siku nyingi, na pengine ni kweli. Hakuna daktari aliyewahi kuuliza kama alipanda mlima. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema mchungaji, na nilimchukia kwa kusema hivyo, kwa sababu mimi nilijua nani amemwaga. Baba alikiweka kitabu ndani ya sanduku. Misimu iliyofuata tulichambua kahawa kimya, na kahawa yetu haikurudishwa tena na kiwanda hata mara moja.

Nikawa mwalimu mimi pia, wa Kiswahili, na moto huzaa jivu, sikufikia ualimu wa Baba. Nilipokuwa na miaka arobaini hivi nilirudi kusoma, chuo kikuu. Tulikuwa walimu wengi tuliosoma likizo zikifika, na nilipanga chumba Nchiru, kwenye hosteli iliyojaa vijana walioniita Auntie na kuniomba chumvi. Msichana wa chumba cha pili alikuwa na kitabu kinene ambacho yeye na wenzake watatu walikikata vipande vinne na kukishona kila kimoja kwa uzi, ili wote wasome kwa pamoja. Walikuwa wakibishana ng'ambo ya ukuta mpaka nasikia. Siku moja nikasikia habari za chungu na kaa.

Nilikwenda nikagonga. Nilimwuliza kama kitabu hicho kina kurasa zote.

"Zote ziko, Auntie," akasema. "Hiyo buku ni noma. Lakini hiyo pisi ya mwisho usisome ukiwa solo. Mimi nililia class nzima ikaniona."

Alikuwa na miaka ishirini. Wenzake walikuwa wa Kitui, wa Bungoma, wa pwani. Kila mmoja alikuwa na mahali pake alipouona mto ule na msitu ule. Nimejiuliza sana kwa nini kitabu cha zamani hivyo, cha mtu wa nchi ya baridi, hakifi. Walimu wa fasihi wana majibu yao. Langu ni kwamba kitabu kile kinajua uchovu. Vita vyake vimeandikwa na wengine vizuri zaidi, lakini kila aliyewahi kutumwa kitu kizito na kuogopa kurudi bila hicho hukisoma akajikuta humo.

Nilikisoma kile kipande cha nne nikiwa peke yangu, kinyume cha ushauri. Ukweli ni kwamba mdogo hafiki. Anafia kwenye ukingo wa mlima wa mwisho, moshi wa nyumbani ungekuwa unaonekana kama kungekuwa na moto. Mkubwa anakitoa chungu kwenye mikono yake, na mara hii moto unakubali, anashuka nacho peke yake. Watu wanampokea kwa nyimbo. Wanamwita mleta moto, na yeye anakubali jina hilo, anazeeka nalo, na kitabu kinaisha.

Nilikirudisha asubuhi. Nilikuwa na hasira na mwandishi, mtu aliyekufa kabla sijazaliwa, kana kwamba alikuwa amejificha nyuma ya mlango wetu wa jikoni akinitazama. Nilimshukuru Mungu kwamba Baba hakuusoma mwisho ule.

Sasa unaelewa kwa nini nilijuta kukubali. Nilinunua kitabu kizima, tukaanza. Nilimsomea alasiri nikitoka shule, kwa Kimeru, kama alivyotusomea. Alikuwa msikilizaji mbaya. Nikisoma jina la mto lilivyoandikwa alinikatiza: "Hapo ni Kathita." Nikifupisha alijua. "Mama, umeruka. Pale mkubwa anamfunga mdogo viatu." Nilirudi nyuma nikasoma viatu. Kuna siku tulicheka mpaka jirani akachungulia, na kuna siku aliniomba ninyamaze kidogo, nikanyamaza.

Tulipofika kwenye mlima wa mwisho niliugua koo. Siku ya pili nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Siku ya tatu nilisema miwani imepotea, ikiwa usoni mwangu, kwa mtu asiyeona. Nilikuwa nimeazimia nitamsomea ule mwisho wake, niukariri nikigeuza kurasa, asijue. Kilichonishinda ni lile swali la mlangoni. Nisingeweza kujibu.

"Niletee Biblia yangu," Baba akasema siku ya nne. "Fungua kitabu cha Ayubu."

Ndani ya Ayubu kulikuwa na karatasi imekunjwa mara mbili. Ilikuwa imeoshwa na kukaushwa, imebaki na rangi ya chai, na kila neno lilisomeka. Niliitambua kabla sijaimaliza. Ulikuwa ukurasa ambao mdogo anakufa.

"Damu haikula kitu," alisema. "Niliusoma jioni ile ile, nimesimama jikoni. Ndiyo sababu nilirudi Majengo. Nilitaka kujua ni mtoto gani huyu aliyekufa hivi, na kwa nini. Halafu Mama mkwe akaniuliza kama anafika. Ningemwambia nini mtoto mwenye moyo ule?"

Nilimwambia alifanya vema. Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa barazani siku ile. Nilimwona akipanda na kigae. Nilifungua mdomo nimwite. Kisha nikasema, mwache, atafika. Mimi niliyeuficha ukurasa, Mama. Nilikuwa nimeusimulia ule wangu mara nyingi mpaka nikauamini."

Nilikaa chini sakafuni karibu na miguu yake, mwanamke wa miaka yangu. Nikamweleza kwamba aliyetumwa ni mimi. Nikamweleza habari za mvua, na majivu, na baraka niliyoipokea. Nilisema yote kwa mara ya kwanza, vibaya, bila mpangilio, na nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Najua," akasema. "Nilimwona akishuka pia. Nilikuona ukikipokea."

"Na hukumwambia Mama?"

"Ningeanzia wapi? Ningekutaja wewe, ningejitaja na mimi." Akanitafuta kichwa kwa mkono, akakipata. "Tulinyamaza wote wawili katika nyumba moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la mlima. Sasa soma. Usome ulivyoandikwa."

Nikasoma. Nilisoma mdogo alivyofia ukingoni, na mkubwa alivyokitwaa chungu, na nyimbo alizoimbiwa. Baba hakulia. Nilipofunga kitabu alibaki amekaa wima, kisha akafunua viganja vyake magotini kama mtu aliyeshika kitabu, akaanza wake. Sauti ilikuwa imechakaa lakini Kimeru kilikuwa kile kile. Mdogo akaushuka mlima. Akapita shamba la kahawa, akapita migomba, akafika mlango wa jikoni, na ndani mama yake, gizani, akasikia hatua.

"Nani ameleta moto?" Baba akauliza, akanigeuzia uso.

Niliweka viganja vyangu juu ya vyake.

"Ni mdogo," nikasema. "Ni mdogo, Baba. Mimi nilikipokea tu mlangoni."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na hadithi.